Seva ya VPN kwenye ruta ya nyumbani: tatizo halikuwa funguo

Nilipoamua kuweka seva ya VPN (njia ya siri inayopita ndani ya intaneti hadi nyumbani) kwenye ruta ya nyumbani, haja yangu ilikuwa ndogo: nikiwa safarini niweze kufungua faili zilizomo kwenye kompyuta ya nyumbani, bila kuuacha mtandao wangu wazi kwa kila apitaye kwenye intaneti. Nilidhani funguo za usimbaji ndizo zingenitoa jasho. Kumbe zilinichukua dakika kumi tu, na siku mbili nzima zikaishia kwenye anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao.

Ruta yangu inaendeshwa na OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta uliojengwa juu ya Linux. Kati ya programu za VPN, nilichagua WireGuard badala ya OpenVPN kwa kuwa mipangilio yake ni mifupi, na kwa kuwa tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe, hivyo haiilemei sana prosesa dhaifu ya ruta. Kila kifaa huwa na funguo mbili: wa siri, usiopaswa kutoka kwenye kifaa hicho, na wa umma, unaopelekwa upande wa pili. Ruta niliipa anwani 10.8.0.1, simu nikaipa 10.8.0.2, nikaruhusu UDP (namna ya kusafirisha data ambayo WireGuard hutumia) kupitia poti 51820, yaani mlango wa data wenye namba hiyo, nikawasha.

Kimya. Kwenye simu, hesabu ya data iliyotumwa ilikuwa ikipanda, ilhali iliyopokelewa ilibaki sifuri. WireGuard haimjibu mtu isiyemtambua, hata kwa ujumbe wa kosa. Ni kinga nzuri, lakini humwacha fundi asijue kama amekosea ufunguo au pakiti (vipande vya data) hazifiki kabisa. Jibu nililipata nilipotazama anwani ambayo ruta ilipewa upande wa nje: ilianza na 100.72. Anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zimetengwa kwa watoa huduma wanaowagawia wateja wengi anwani moja ya umma, na mteja wa namna hiyo hata afungue poti zote za ruta yake, hakuna pakiti itakayomfikia kutoka nje pasipo yeye kuanza. Ilinibidi niombe anwani yangu ya umma. Laiti ningeitazama kwanza!

Kwa kuwa anwani hiyo nayo hubadilika, niliongeza DNS badilifu, yaani jina linaloifuata anwani kila inapobadilika, na hilo halikunisumbua.

Safari ya kwanza ilileta jipya. Simu iliunganika vizuri, ila kompyuta ya nyumbani, 192.168.1.20, haikuonekana, kwa sababu mtandao wa nilikofikia nao ulitumia kundi lilelile la anwani, 192.168.1.0, na simu ikawa inaitafuta kompyuta hiyo palepale chumbani badala ya kuipitishia VPN. Niliporudi niliuhamishia mtandao wa nyumbani kwenye kundi la 192.168.73.0, nikaliandika kundi hilo pamoja na 10.8.0.0/24, lile la VPN yenyewe, kwenye AllowedIPs ya simu, yaani orodha ya anwani zinazopitia VPN. Sikuweka 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, kwani hapo kila kitu kingepitia nyumbani, na kasi yangu isingezidi ile ndogo ya kupakia ya huko.

Simu ikipotea, nitaufuta ufunguo wake wa umma kwenye ruta, na vifaa vingine vitaendelea kama kawaida.