Mguu wa kushoto haubanduki

Juzi binamu yangu katuma klipu kwenye grupu la familia WhatsApp, wanaume wamevaa nguo nyeupe ndefu zimefunguka kama mwavuli, wanazunguka tu, akaandika "hii nayo ngoma ya wapi?" Basi kila mtu na lake, mmoja anasema sarakasi, mwingine bidaa hiyo, yaani kitu kilichozushwa kwenye dini, shangazi akaandika maneno matatu tu, "zikri hiyo jamani", yaani wanamtaja Mungu, akanyamaza. Mi nikaanza kujibu nikaona nitajaza simu za watu, ndo nimekuja kuandikia huku.

Wale ni watu wa Mevlevi, tarika, yaani njia ya Waislamu ya kumwendea Mungu chini ya sheikh, kwao Konya, Uturuki. Tarika yao inatokana na Maulana Jalaluddin Rumi, aliyefariki tarehe 17 Desemba 1273, na usiku ule mpaka leo wanauita usiku wa harusi, kwa sababu kwao kufa ni kwenda kukutana na uliyekuwa unamtamani siku zote. Na ile ibada wenyewe hawaiti ngoma, wanaiita sema, neno limetoka kwenye Kiarabu, samaa, yaani kusikiliza. Sasa mtu anayesikiliza we unamwambia anacheza, hapo tayari mmeshapishana.

Angalia nguo zao kwanza. Ile kofia ndefu ya manyoya ya ngamia ni jiwe la kaburi, lile juba jeusi wanaloingia nalo ni kaburi lenyewe, na ile nyeupe ya ndani ni sanda. Sisi tuliozaliwa Bagamoyo, tuliopelekwa kwenye magofu ya Kaole na mwalimu wa shule tukasimama chini ya yale makaburi yenye nguzo, hilo halitupi shida kulielewa. Mtu anaingia pale keshajizika. Analivua juba, anabaki na sanda, ndo anaanza kuzunguka, kutoka kulia kwenda kushoto kuuelekea moyo, mkono wa kulia kiganja kiko juu, wa kushoto kiganja kinatazama chini, anachopokea kwa Mola anakishusha kwa watu, chake yeye hakipo.

Ila kilichonishika mimi ni mguu. Mguu wa kulia ndo unaosukuma, wa kushoto haubanduki. Zamani mwanafunzi alikuwa anafundishwa juu ya ubao wenye msumari umepigwa katikati, anaubana kati ya dole gumba la mguu na la pili yake, pananyunyiziwa chumvi, anazunguka hapo hapo siku baada ya siku. Kama utotoni umechezea pia, ile ya kuzungusha chini, unajua, ikizunguka sawasawa unaona kama imesimama, ikianza kuhamahama ujue inaanguka.

Babu yangu alikuwa murid, yaani mwanafunzi, wa tarika ya Kadiria hapa hapa mjini, na alikuwa fundi wa majahazi mpaka magoti yalipomkataa. Tarika yenyewe inaanzia kwa Sheikh Abdulqadir Jilani wa Baghdad, huku pwani kwetu ikatiwa nguvu na Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, aliyeuawa 1909, na Bagamoyo jina kubwa ni Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931. Huyu aliletwa kutoka Kongo akiwa mtumwa, mtoto mdogo. Mji huu huu ambao watu waliuzwa kama pembe, mtoto wa aina hiyo akaja kuwa sheikh ambaye waungwana walikuja kukaa miguuni pake wasomeshwe. Mi kila nikilifikiria hilo nywele zinanisimama, na naamini huwezi kuielewa tarika huku kwetu kama umeliruka.

Nilikuwa na miaka kama kumi na moja, usiku wa ziara, ule mkusanyiko wa tarika wa kila mwaka, babu akanishika mkono akaniingiza kwenye duara. Mkeka, udi, kanzu zimeshalowa mgongoni. Watu wanainama wanainuka, jina la Mwenyezi Mungu linaanza kwa ulimi, linashuka kooni, mwishoni hamna tena herufi, inabaki pumzi tu inakwenda na kurudi kama msumeno wa watu wawili wanaopasua gogo. Ndo hiyo watu wanaiita zikri ya kukohoa. Babu ambaye mchana alihitaji bakora kwenda msalani alisimama zaidi ya saa nzima, na mkono wake kwenye mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, sijawahi kuushika mkono uliotulia vile.

Tulipomaliza mi nilitegemea atakaa ashangae mbali, au atasema kitu kikubwa. Alichukua birika la kahawa. Akaanza na watoto tuliokaa mlangoni, kikombe kimoja kimoja, anasuuza anamimina, anasuuza anamimina, mzee mwenye magoti mabovu anainama kwa kila mtu. Nikamuuliza, babu ulikuwa wapi? Akasema, "Hapa hapa. Shika vikombe."

Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba sema ya kule Konya ina mizunguko minne wanayoiita salamu. Ya kwanza mtu anajitambua ni kiumbe na ana Muumba, ya pili anashangazwa na ukubwa wa uumbaji, ya tatu anayeyuka kwenye mapenzi, na mtu ungedhani hapo ndo mwisho, lakini iko ya nne, anarudi kuwa mtumwa wa Mungu. Anarudi! Safari yote ile ni ya kurudi kutumika. Na kabla hujawa dervishi, yaani mfuasi kamili wa tarika, zamani ulikaa siku 1001 ukitumikia nyumba ya tarika, na shule yenyewe ilikuwa jikoni, kuosha vyombo, kufagia, kutumwa sokoni. Niliposoma habari ya lile jiko nililia kwa kweli, nilimwona babu na birika lake.

Mwaka 1925 serikali ya Uturuki ilizifunga nyumba zote za tarika, baadaye ikaruhusu sema irudi kama utamaduni, na 2008 UNESCO wakaiweka kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sawa, imehifadhiwa. Lakini inaniuma kuona inachezwa hotelini watu wanakula, maana mtalii anaonyeshwa sketi inavyofunguka, jiko haonyeshwi. Na ndugu zangu mnaosema bidaa, siwagombezi, hoja zenu nazijua tangu nikiwa madrasa, nawaomba tu siku moja mkae mpaka kahawa imiminwe.

Shangazi kanipigia jana. Ziara ya mwaka huu nimepangiwa maji na kuni, nifike Alhamisi kabla ya alasiri, na ndoo nije nazo mbili.