Kikombe cha Baba pale Ndia Kuu

Januari 2018 nilimpeleka baba Mombasa. Alikuwa na miaka 71 na bahari alikuwa hajaiona. Umri wake wote ulikwenda kati ya kihamba chetu, shamba la ukoo, kule Kilema, soko la Himo na ofisi za Moshi mjini alikokuwa akifuatilia malipo ya kahawa. Nilipopata kazi ya kudumu nikamwambia achague, Zanzibar au Mombasa. Akachagua Mombasa, kwa sababu boti hapandi.

Tulivuka mpaka Holili asubuhi, tukabadilisha fedha, tukaendelea na basi. Taveta hadi Voi alikaa dirishani akihesabu mistari ya mkonge. Tulipofika Mazeras nikamwonyesha upande iliko Rabai. Kwetu hakuna mtoto ambaye hajasimuliwa habari za Rebmann, yule mmisionari aliyetoka Rabai mwaka 1848 akafika Kilema kwa mtawala wetu, Mangi Masaki, kisha akaandika kwamba mlima wetu, Kilimanjaro, una theluji, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Baba alitazama yale mapori tuliyoyapita tangu asubuhi.

"Yote haya kwa miguu?"

"Kwa miguu, baba."

"Basi alikuwa na haja kweli."

Bahari yenyewe ilianza kwa kumvunja moyo. Ukiingia kisiwani kwa njia ya Makupa, wakati ule jaa la Kibarani lilikuwa bado lipo kando ya barabara, linafuka moshi, na maji yale ni ya mkono wa bahari tu, meusi, yametulia kama bwawa. Akanigeukia: "Ndiyo hii?" Nilitamani basi lirudi nyuma.

Kesho yake ndipo alipoiona. Tulikuwa juu ya ukuta wa Fort Jesus, upepo unampeperushia koti lake la kanisani, na mbele yetu maji yanakwenda mpaka yanakutana na mbingu. Alivua kofia. Hakusema neno, nami sikumsemesha. Mwongoza wageni alikuwa akieleza kwamba Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596, na kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Baba akageuka: "Miezi yote hiyo, hao wa ndani walikula nini?" Ndilo swali pekee aliloliuliza kuhusu vita. Kijana akamjibu kwamba njaa na magonjwa viliua watu wengi kuliko mizinga. Baba akatikisa kichwa, akainama, akachomeka kidole kwenye tundu la jiwe la ukuta. Kwetu mawe yanatoka kwenye mlima wa moto. Alipoambiwa kwamba haya ni matumbawe, yalikuwa viumbe hai baharini, alirudisha kidole polepole.

Zile sanamu kubwa za pembe za ndovu za Moi Avenue tulizipita, tukapiga picha. Mimi nilichokuja kukikumbuka ni Mji wa Kale.

Tulishuka mtaa wake wa Ndia Kuu jioni, jua limelegea, milango ya nakshi imefunguliwa nusu. Kwenye kibaraza kimoja palikaa wazee watano, na katikati yao muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa. Alikuwa akigonganisha vikombe viwili mkononi, kilikili, kilikili. Baba akasimama.

"Karibu mzee wangu. Mwatoka wapi?"

"Moshi."

"Ahlan! Keti basi. Kahawa thungu hii, ya tangawizi."

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Kahawa ya kwanza mkoani kwetu ilipandwa pale pale Kilema, kwenye misheni, mwishoni mwa karne ya 19. Babu alilima kahawa, baba amelima kahawa. Nimeichuma kabla ya kwenda shule, nimezungusha mashine ya kumenya mpaka mikono ikatoka malengelenge, nimekaa kwenye vichanja nikichambua mbovu. Ada za sote sita zilitoka humo, hata miaka ile ugonjwa wa chulebuni ulipoharibu nusu ya buni na malipo ya pili ya chama cha ushirika hayakuja kabisa. Lakini nyumbani tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Miaka 71, baba hajawahi kunywa kahawa ya buni.

Alikishika kile kikombe kidogo kisicho na mkono kwa vidole vitatu. Akanusa. Akanywa funda moja, akafumba macho, uso ukajikunja kwa uchungu wake. Mzee wa jirani akamsogezea kashata. Akamega, akanywa tena, safari hii taratibu, hadi machicha.

"Nionyeshe buni zako," akamwambia muuzaji.

Kijana akatoa kopo, akammiminia kiganjani buni zilizokaangwa. Baba akazipekua kwa kucha, moja moja, kama alivyotufundisha sisi. "Hii ilichumwa mbichi. Hii imeokotwa chini. Hii," akainyanyua kwenye mwanga, "hii mwenyewe aliitunza." Wale wazee wakasogea. Kibaraza kizima kikawa darasa, na baba yangu, mtu wa maneno machache, akasema nusu saa.

Kikombe kilikuwa shilingi kumi ya Kenya. Aliomba cha pili, kisha akauliza kilo moja inatoa vikombe vingapi.

"Sijahesabu, baba."

Baba alihesabu. Nilimwona midomo ikicheza. Alipomaliza alikaa kimya, akitazama kile kikombe kitupu, na macho yalikuwa yamelowa. Nikashika mkono wake. Hatukulizungumza, wala hatujalizungumza hadi leo.

Siku tatu baada ya kurudi, niliamka Kilema kwa harufu. Baba alikuwa jikoni, kwenye sufuria ya mama, anakaanga buni kutoka gunia la kupeleka chamani. Mama amesimama mlangoni na kanga begani.

"Baba Eliya, unaunguza pesa?"

"Lete kinu," baba akasema. "Na tangawizi."

Alitwanga mwenyewe. Vikombe vya namna ile hatukuwa navyo, akamimina kwenye vifuniko vya chupa ya chai, kimoja akampa mama kwa mikono miwili.