Jinsi tulivyoacha kupotezana gizani kwenye Hood to Coast

Kwa wanaojiandaa na mbio hizi za kupokezana za Oregon, Marekani: kilomita kama 320, kutoka Mlima Hood hadi ufukweni Seaside, vipande 36, watu 12 kwenye magari mawili. Mchana hakuna shida. Usiku ndipo shughuli ilipo. Mkimbiaji anafika kituoni na bangili ya kupokezana mkononi, anayempokea hamwoni. Wako hatua chache tu, wanaitana, dakika zinayoyoma.

Simu tulijaribu, lakini kwenye milima ya karibu na pwani mtandao ni wa kubahatisha. Kupaza sauti? Kila timu inapiga kelele. Fulana za kuakisi mwanga ni lazima kwa wote, kwa hiyo hazimtofautishi mtu.

Kilichosaidia kwanza ni karatasi na kalamu: dereva anaandika saa halisi mtu aliyoondoka, anajumlisha muda wa kipande kwa mwendo wa usiku (si ule wa mazoezini!), na anayefuata anashuka garini robo saa kabla.

Halafu kitaa cha kijani kinachowaka na kuzima. Tulikifunga kifuani, hakikuonekana, maana taa ya kichwani inamtia kiwi anayetazama. Tukakishusha kwenye kifundo cha mguu. Hapo sasa! Kiko chini ya ule mng'ao na kinapanda na kushuka kwa kila hatua, unakitambua tangu mbali. Kifungeni mbele ya kifundo, si nyuma, na betri ziwe mpya.