Nilivyomweleza mtoto kabla ya kuwekewa ngozi

Mtoto wa dada yangu, ambaye naishi naye hapa Uyole, aliungua mkono kwa makaa wakati wa baridi, miezi ile ya Juni na Julai ambayo watoto wa Mbeya hawabanduki jikoni. Kidonda kilipona, lakini kovu likavuta, mkono ukakunjika kwenye kiwiko na ukawa haunyooki tena. Daktari alitueleza kwamba kovu litakatwa, mkono utanyooshwa, na pale patakapobaki wazi patawekwa ngozi kutoka pajani. Mimi nilielewa. Kazi ilikuwa kumwelewesha yeye mwenye miaka saba, pamoja na mdogo wake wa miaka minne.

Mama yangu alikuja kutoka Tukuyu kutusaidia, naye alikuwa na ushauri wake: "Mwambie mnakwenda kupigwa picha ya mkono. Mengine atayakuta huko huko." Nikamjibu kwa upole, "Mama, tukimdanganya leo, siku ya kufungua bandeji hatatuamini tena." Na bandeji hufunguliwa mara nyingi. Matibabu haya yanamrudisha mtoto hospitali tena na tena, na kila safari unamhitaji akuamini.

Nilianza kwa kumuuliza yeye amesikia nini. Hapo ndipo nilipokutana na hofu ambayo nisingeibuni mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoani kwetu watu waliuawa na kuchunwa ngozi, na habari zile bado husimuliwa. Mtoto alizisikia kwa wakubwa, akazijumlisha na maneno ya daktari. Mdogo wake yeye aliamini dada anarudi bila mkono. Kisha binti akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama anapasuliwa kwa sababu alikatazwa kucheza karibu na jiko.

Nilimjibu moja baada ya jingine. Hakuna daktari anayempasua mtoto kwa kosa. Mkono haukatwi. Ngozi ni yako, inatoka kwako na inabaki kwako, hakuna mtu anayeondoka nayo. Wanachukua tabaka jembamba la juu tu, chini inabaki ngozi nyingine, ndiyo maana paja hujiponya lenyewe kwa wiki mbili hivi.

Swali lililonipa shida ni kwa nini atakatazwa kuukunja mkono. Nikampeleka kwenye bustani ya kabichi. Mche ukishahamishwa, hauna mizizi ya kuushika udongo mpya, ukiutikisa unakufa. Ngozi iliyohamishwa nayo haina mishipa yake ya damu siku za mwanzo, inaishi kwa majimaji ya kidonda, hadi mishipa midogo ya mkono iungane nayo. Kwa hiyo mkono unafungwa na kitu kigumu ili usicheze. Alielewa vizuri kuliko wakubwa kadhaa niliowaeleza jambo hilo hilo.

Kuhusu nusu kaputi nilichagua maneno kwa uangalifu. Kwetu marehemu naye husemwa amelala, na mtoto alikuwa ametoka kuzika babu. Nikamwambia huu ni usingizi wa dawa, kuna mtaalamu anayekaa karibu na kichwa chake muda wote akiangalia anavyopumua, na dawa ikiisha nguvu anaamka. Nikamweleza pia kwamba hatakula tangu usiku kwa sababu chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa hajitambui. Hili nililisema mbele ya mdogo wake makusudi, maana yule angemfichia andazi kwa huruma.

Sikumwambia hataumia. Nilimwambia paja litauma, pengine kuliko mkono, kwa sababu pale pamekwanguliwa mbichi, na akilia si vibaya, amwambie nesi apewe dawa. Alipoamka maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa, "Mamdogo, ni paja kweli." Nilifarijika sana. Maumivu aliyoyajua kabla hayakumtisha.

Nasisitiza jambo moja kwa wazazi wenzangu: msiahidi mkono kama wa zamani. Mimi nilimwambia mkono utanyooka, ataandika, atabeba ndoo, lakini kiraka kitaonekana na rangi yake inaweza kuwa tofauti. Binamu yake wa sekondari alipouliza historia ya upasuaji wa namna hii, nilimsimulia Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand aliyewatengenezea nyuso askari wa Vita Kuu ya Kwanza huko Sidcup, Uingereza, kuanzia 1917. Wale nao walibaki na makovu, wakarudi kuishi kati ya watu.

Kabla ya kurudi shule tulifanya mazoezi ya jibu fupi, alilolichagua mwenyewe: "Niliungua, sasa mkono wangu umenyooshwa." Mwalimu wake wa darasa aliombwa asimwite mbele kuonyesha. Nyumbani tunaendelea kumpaka mafuta, kumkanda na kumnyoosha kila siku, na usiku anafungwa kifaa cha kuushikilia mkono, maana kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi.

Amejua pia kwamba kovu halikui kwa kasi ya mwili wake, hivyo huenda akapasuliwa tena akirefuka. Aliniuliza kama safari hiyo watachukua paja la upande wa pili. Nikamwambia hilo amuulize daktari mwenyewe, na tayari ameliandika kwenye daftari lake kwa ajili ya kliniki ijayo.