Siyo flashi, wakuu

Toka nianze kutembea na YubiKey (kifaa kidogo cha kuchomeka, cha kuthibitisha ni wewe unapoingia kwenye akaunti) kwenye funguo zangu, jamaa wa Mwanjelwa wananiomba niwawekee nyimbo. Siyo flashi! Humo zinakaa siri za kuingilia akaunti zangu, Gmail ikiwemo, na hazitoki hata ukikichomeka kwenye kompyuta ya stesheneri (ingawa kwa mambo ya benki huko mimi siingii kabisa). Unachomeka, unaweka PIN, unagusa, basi. Hakina betri wala hakisubiri meseji ya namba za kuthibitisha. Kilichonikosha zaidi: ukiletewa tovuti feki iliyofanana na ya kweli kama pacha, chenyewe kwa kushirikiana na kivinjari kinakagua anwani na kugoma. PIN ukiikosea mara 8 mfululizo kinajifunga, mpaka ukifute ndipo uanze upya. Cha akiba kiko kwa mama, Uyole.