Siku moja kliniki ya methadoni, na shangazi aliyekuja na kitabu changu

Saa 10:30 alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Nakaa Mbagala Kizuiani, Dar es Salaam, kazi yangu iko Temeke, na ukichelewa kidogo tu daladala zote zimejaa hadi mlangoni. Mimi ni mwelimishaji rika kwenye kliniki ya methadoni. Hapo ndipo tunapohudumiwa watu tuliokuwa tunatumia unga, yaani heroini. Tunakunywa methadoni, dawa ya maji inayozuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, kila siku mbele ya muuguzi, Jumapili na Idd zikiwemo. Kliniki ya kwanza ya namna hii nchini ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala ikafuata 2012, na Temeke 2014. Mimi nilijiunga mwaka huohuo wa 2014 na mpaka leo nakunywa. Watu wakisikia hivyo wananiambia, "Kumbe bado hujaacha." Nimeacha. Mwenye presha anameza kidonge chake kila siku na hakuna anayemuuliza ataacha lini.

Mwaka huu nilimaliza kuandika maisha yangu. Yalijaa kaunta buku tatu. Binti wa steshenari karibu na kituo akanichapia, zikatoka kurasa 62, akabana kwa spairo. Niligawa nakala 20, watu wakaenda kutoa kopi zao wenyewe, sasa sijui ziko ngapi. Nimeandika chumba chetu kimoja cha Tandika tulicholala watu sita, nikaandika unga, nikaandika mdogo wangu wa kiume aliyefariki mwishoni mwa 2013 akiwa na miaka 26. Ukurasa wa 23 nimeandika kwamba mimi ndiye niliyempa kokteli yake ya kwanza, bangi iliyochanganywa na unga, alipokuwa na miaka 17.

Tangu hapo siku zangu za kazi zina wasomaji ndani yake.

Saa 12:00 asubuhi

Foleni imeshajipanga. Wenye vibarua wanataka wanywe mapema wawahi sokoni na kwenye zege. Muuguzi wa dirishani anasoma namba yako, anaangalia sura yako, anapima dawa, anaichanganya kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Unakunywa papo hapo, unaongeza maji, unakunywa tena, halafu unatakiwa useme neno ili aone umemeza. Mimi huwa nasema "Alhamdulillahi". Leo muuguzi naye alikuwa na lake: "Dada, nimefika ukurasa wa 23. Hilo ungeliacha. Nani angejua?"

Nikamwambia ningejua mimi.

Kwenye foleni kuna wanaume wawili waliokuwa wanabishana bei ya kete, kile kipakiti kidogo cha unga, niliyoiandika, mmoja anadai mwaka ule ilikuwa imeshapanda. Waliniita niamue. Nikaona fahari, nikiri. Watu hawa wengi wao waliacha shule darasa la nne, la tano, na sasa wamesimama saa 12 asubuhi wanabishana kuhusu kitabu.

Dada mmoja, mgeni wa wiki mbili, alinivuta pembeni. Aliongea kwa sauti ndogo sana. Alikuwa amesoma pale nilipoeleza tulivyokuwa tukichomana damu: mwenye kete anajidunga, halafu anavuta damu yake kwenye bomba la sindano anampa mwenzake mwenye arosto ajidunge. Tuliamini ndani ya ile damu mna unga wa kutosha. Hamna. Mna Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. "Nilidhani ni sisi wa maskani yetu tu," akasema. Nikamshika mkono tukaenda kupima. Hayo ya majibu ni yake.

Saa 2 mpaka saa 4 nilipeleka wapya watatu maabara, nikajaza madaftari ya mahudhurio, na nikakaa na kijana anayelalamika kwamba dawa yake imechakachuliwa, kwamba usiku anatokwa jasho na mifupa inamuuma kama zamani. Nilimuuliza swali moja: umeanza dawa za TB? Ameanza. Ndani ya dawa za TB mna rifampisini, na hiyo huifanya methadoni itoke mwilini haraka. Hakuna aliyechakachua kitu. Nikampeleka kwa daktari aangalie dozi yake. Mtu kama huyu asiposikilizwa siku hiyohiyo, jioni utamkuta kijiweni.

Saa 4:00

Akaingia shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Keko. Ana miaka sabini na kitu. Hajawahi kukanyaga kliniki hii. Alikuwa amevaa baibui lake la kutokea, mkononi ana mfuko, ndani ya mfuko kopi ya kitabu changu imekunjwa kona kila baada ya ukurasa mmoja. Kopi yenyewe ni hafifu, mistari ya pembeni imekatika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa hapa."

"Shangazi, niko kazini."

"Na mimi nimekuja kazini. Kaa."

Nikakaa kwenye benchi. Akatoa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza uliokunjwa, akaanza kunisomea kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma barua ya mahakama. Wagonjwa wanasikia. Kosa la kwanza: nimeandika cherehani ya mama ilikuwa Butterfly. "Ilikuwa Singer. Mimi ndiye niliyekwenda naye kuinunua Kariakoo." Nikasema sawa shangazi, nitarekebisha. Kosa la pili: nimeandika tulilala watu sita chumba kimoja. "Saba. Umemsahau mtoto wa mama yako mdogo." Kweli nilimsahau. Nikasema sawa.

Kosa la tatu ndilo lilikula asubuhi nzima. Ukurasa wa 11 nimeandika Idd ya 1994, mimi na mdogo wangu tulitembea kutoka Tandika mpaka Keko kwa shangazi, tukakaa kibarazani tukisikia harufu ya pilau, na hatukuitwa ndani. Tulirudi nyumbani tukala mihogo.

"Umeniandika kwamba niliwanyima watoto wa kaka yangu chakula."

"Sikuandika umenyima. Nimeandika hatukuitwa."

"Mtu akisoma ataelewa nini?"

Akaeleza. Siku ile walikuja wageni wa mume wake, pilau ilikuwa ya kuhesabu, aliona aibu kutuita tukae pembeni ya sahani tupu. Akaeleza tena, akianzia kwenye bei ya mchele. Muuguzi akaniita dirishani mara moja, nikaenda, nikarudi, akaanza upya pale alipoachia. Nikaitwa kumtuliza mgonjwa anayegombana na mlinzi, nikaenda, nikarudi, bado yupo, kidole kipo palepale kwenye mstari. Saa 5 ikapita. Nilimletea maji hakunywa. Nikamwambia shangazi, nitaifuta habari ya pilau yote, twende nikupandishe gari. Akasema, "Usifute. Nani kakwambia ufute? Nataka uelewe."

Nilichoka kwa namna ambayo foleni ya watu mia hainichoshi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya aibu ya unga. Nilijua watanisema kwa sindano, kwa wizi, kwa mambo niliyofanya usiku barabarani ili nipate kete. Katika ukoo wangu hakuna hata mmoja aliyenigombeza kwa hayo. Kila anayekuja na kitabu anakuja na habari ya njaa. Mjomba alituma ujumbe kwamba yeye alilipa ada yangu muhula mmoja mbona sijaandika. Binamu amesema viatu vya yebo tulivyovaa shule ni yeye aliyetupa. Na sasa shangazi na sahani yake, saa sita kasoro, mimi nina mgonjwa aliyekosa dozi siku mbili na natakiwa nikamtafute.

Nikainuka. Nikasema kwa ukali ambao si wa kumwambia mkubwa, "Shangazi, basi. Nimekuelewa. Nina mtu wa kumtafuta."

Hakuinuka. Akafungua ukurasa wa 47. Huo ulikuwa umekunjwa mara mbili.

Ukurasa wa 47 ndio anaokufa mdogo wangu. Nimeandika ninachokijua. Alifungwa miezi saba kwa wizi wa simu. Mule ndani hakugusa unga. Mwili uliokaa miezi saba bila unga unakuwa umeshausahau, lakini kichwa hakijasahau, na anapotoka mtu huchukua kiasi kilekile alichokuwa anatumia zamani. Kiasi hicho ndicho kinachozima pumzi. Siku ya tisa tangu atoke alifariki. Mimi nilikuwa maskani nyingine na arosto yangu, niliambiwa baada ya siku tatu, ameshazikwa. Mstari wa tatu kutoka chini nimeandika: *Mdogo wangu alikufa peke yake.*

Shangazi hakuusoma kwa sauti. Aliugeuzia kwangu tu.

"Walimleta kwangu na mkokoteni," akasema. "Usiku wa manane. Vijana wawili, sikuwajua. Niligoma kufungua geti, nikajua wezi. Mmoja akataja jina lake, nikafungua. Wakamlaza barazani wakakimbia."

Sikuwa na neno.

"Alikuwa anakoroma. Nikajua kalewa. Nikamtandikia mkeka, nikamlaza chali, nikamwekea mto. Nikakaa naye. Alikuwa anakoroma sana, kama maji yanachemka kooni. Nikasema mwache alale, kesho nitamsema. Kabla ya alfajiri akanyamaza, nikashukuru nikijua amepata usingizi."

Akavua miwani.

"Wewe si unafundisha watu mambo haya? Ule mkoromo. Ndiyo alikuwa anakufa?"

Mambo hayo nayafundisha kila Jumatano, na bango lake liko ukutani juu ya benchi lilelile tulilokaa: mkoromo wa kukatika, midomo na kucha kugeuka rangi, haamki ukimsugua kifua. Akiwa anapumua mlaze ubavu, usimwache chali. Akiacha kupumua, mgeuze chali umpulizie pumzi. Kimbiza hospitali, iko dawa inaitwa naloksoni, ikiwahi inamrudisha. Shangazi alikuwa ameshalisoma bango. Kumbe saa mbili nzima alizonishikilia na pilau alikuwa ameketi chini yake.

Nilifikiria kumdanganya. Kazi hii imenifundisha kwamba ukimdanganya mtu anayejua, unamwacha peke yake na jambo lake.

"Ndiyo, shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi.

"Hakuna aliyekuwa amekufundisha," nikasema. "Hata mimi mwaka ule nisingejua. Ningemwekea mto vilevile."

"Nilimshika kichwa," akasema. "Mpaka asubuhi. Nilikuwa nimemshika kichwa."

Tulikaa. Muuguzi aliniita tena, akatuangalia, akajibu mwenyewe alichotaka kuuliza. Nilimpandisha shangazi bajaji, nikamlipia mpaka Keko. Kitabu aliondoka nacho.

Baadaye, sijui saa ngapi, jua lilikuwa kali, nilikuwa natembea pembeni ya reli natafuta mgonjwa wangu. Mtu akikosa dozi siku chache mfululizo hawezi kurudi tu akapewa ileile ya zamani, lazima ishushwe apandishwe upya, kwa sababu ileile iliyomuua mdogo wangu. Kwa hiyo kila siku anayokosa ina uzito. Maskani ya kwanza hayupo. Ya pili nilitukanwa na kijana asiyenijua. Ya tatu wananijua, mmoja akaniuliza sehemu ya pili ya kitabu inatoka lini. Nilimkuta mgonjwa mwenyewe Tandika sokoni anashusha magunia ya viazi. Hajarudi kwenye unga. Kibarua kinaanza saa 10 alfajiri, akimaliza dirisha limefungwa. Nilisimama na msimamizi wake nikambembeleza amruhusu nusu saa asubuhi. Ilibidi nimweleze msimamizi yule dawa ni ya nini, kwa ruhusa ya mgonjwa, na mgonjwa akawa anaangalia chini muda wote nilipokuwa naongea. Msimamizi akakubali. Nilitaka kukaa chini ya mti nisiinuke.

Simu ikaita nikiwa natoka sokoni. Mama wa Yombo, amesoma kitabu chote, mwanawe ana miaka 22. "Wewe ulipona ukurasa wa 55," akasema. "Wangu atapona lini?" Nikamwomba aje naye kesho, na asipokubali kuja, aje mwenyewe. Akauliza aje na nini. Nikamwambia aje na yeye mwenyewe tu.

Giza lilikuwa linaingia nilipofika steshenari. Binti alikuwa anashusha shata. Nikamwomba afungue faili langu.

"Unaongeza kurasa, dada?"

"Hapana. Cherehani andika Singer. Ukurasa wa 9 watu sita, weka saba."

Akaandika. Feni yake ilikuwa inapeperusha karatasi, akaziwekea stepla juu.

"Na ukurasa wa 47, mstari wa tatu kutoka chini."

Akautafuta kwa kidole kwenye kioo. Akausoma kimya, akanigeukia. Yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza, alilia akiuchapa ule ukurasa.

"Hapa nifanye nini?"

"Hayo maneno mawili ya mwisho. Yafute."

"Niweke nini?"

Nikamwambia aandike Keko, barazani kwa shangazi, kichwa chake kimeshikwa.