Nilivyoipima mionzi ya hewa ya Malindi

Hewa tunayovuta Malindi ina mionzi. Nimeipima mwenyewe kwa kipande cha barakoa, mashine ya kufyonza vumbi niliyoazimwa na rafiki anayefanya kazi hotelini, na kipima mionzi kidogo cha Geiger, ambacho hulia kila kinapopigwa na mionzi. Si ya bomu wala ya kiwanda. Ni ya asili, imekuwepo tangu mji huu haujajengwa. Naeleza kwa sababu tukitajiwa mionzi wengi wetu tunaingiwa na hofu kabla hatujauliza imetoka wapi.

Imetoka ardhini. Udongo na mawe karibu yote yana uraniamu kidogo, ambayo hugeuka hatua kwa hatua hadi kuwa radiamu, na radiamu hutoa gesi iitwayo radoni. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hupenya udongoni ikapanda juu, na kila baada ya siku 3.8 nusu yake huwa imegeuka kuwa kitu kingine. Hicho kitu kingine ndicho nilichokuwa nakitafuta: metali za poloniamu, risasi na bismathi. Hizi si gesi. Zikitokea tu hunata kwenye vumbi, moshi na chumvi ya bahari inayoelea hewani, kwa hiyo ukichuja vumbi umezichuja nazo. Mwaka 1901 Wajerumani wawili, Elster na Geitel, walizinasa kwa waya wenye umeme hasi uliotundikwa hewani.

Kwingine wanafunzi hutumia puto lililosuguliwa kwa sufu. Pwani kwetu unyevu hulipokonya puto umeme wake upesi, ndiyo maana nikachagua kuchuja.

Nilifunga kitambaa cha barakoa, tabaka moja tu, kwenye mdomo wa bomba la mashine kwa mpira. Tabaka nyingi huziba hewa na mota hupata moto. Kabla ya yote nilihesabu milio ya kipimo kikiwa hakina kitu mbele yake, maana mionzi ya mawe na ya angani haikosekani popote. Kisha nikaiwasha mashine barazani kwa kama nusu saa, nikiomba stima isipotee, nikazima na kukiweka kitambaa mbele ya kipimo bila kuchelewa.

Milio ilizidi waziwazi. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni jinsi ilivyopungua: kila nilipohesabu tena ilikuwa imeshuka, na baada ya dakika 40 hivi ile ziada ilikuwa imebaki nusu. Uchafu wa kawaida haupungui hivyo. Risasi-214 (namba hutaja aina ya risasi hiyo) hupungua nusu kwa dakika 27, nayo huzaa bismathi-214 ambayo hupungua nusu kwa dakika 20. Zikifuatana, kitambaa hupoa kwa mwendo kama ule niliouona. Kuna nyingine itokayo kwenye thoriamu ya udongoni, risasi-212, ambayo huchukua saa 10.6 kupungua nusu. Ukiwa na subira, kihesabu kitambaa kwa saa nyingi na chora mchoro wako.

Baada ya hapo nikaanza kufuata upepo. Bahari hutoa radoni kidogo mno ukilinganisha na nchi kavu, kwa hiyo hewa iliyotoka mbali baharini inatakiwa kuwa na kidogo. Jirani yetu ni mvuvi wa miaka mingi, nami nilikuwa nikimpitia alfajiri.

"Shikamoo, ami. Upepo wa wapi leo?"

"Marahaba, mwanangu. Umande huu, watoka bara. Jua likipanda utakatika."

Vitambaa vya alfajiri, umande ukivuma, vilikuwa na milio mingi kuliko vya alasiri ya kusi, upepo utokao baharini. Sababu si upepo peke yake: usiku hewa hutulia, na radoni inayotoka ardhini hukaa chini isipate kutawanyika. Hata hivyo, kwangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote, kwamba mwendo wa hewa ambao wavuvi wanaujua kwa ngozi unasomeka pia kwenye kitambaa.

Masika yalipoanza nilifuta paa la tuktuk kwa tishu mvua ilipokatika tu. Milio ikapanda, kwa kuwa mvua huziosha chembe hizo angani na kuzishusha.

Mama alikuwa akinitazama muda wote huo. "Sasa tufunge madirisha?"

"La, mama, tuyafungue."

Hewa ya nje kwa kawaida ina radoni ya kama bekereli 10 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isizidi 100, kwani radoni ikijazana ndani huleta saratani ya mapafu, na kwa anayevuta sigara hatari ni kubwa zaidi. Chumba cha bibi kilikuwa kikifungwa kabisa usiku kwa ajili ya mbu. Tumeweka wavu dirishani, na sasa kinalala wazi.